Mwembe wa nyumbani Mwanza: dalili unayoiona, chanzo chake na cha kufanya

Kabla hujaenda duka la pembejeo kununua dawa, jibu maswali matatu. Mwembe wako una umri gani? Ulitokana na mbegu au ni mche wa kubebesha, yaani kijiti cha mwembe bora kilichounganishwa kwenye shina la mwembe mwingine? Na dalili ulianza kuiona mwezi gani? Swali la tatu ndilo watu hulisahau, na ndilo linalofichua mengi zaidi.

Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,140. Baridi kali ya kuulazimisha mwembe uchanue hatuna. Kazi hiyo hufanywa zaidi na ukame wa kiangazi, ukisaidiwa na ubaridi wa usiku wa Juni na Julai. Kwa hiyo miembe mingi huchanua kati ya Juni na Agosti, matunda hukua Septemba na Oktoba, kisha hukomaa kati ya Novemba na Januari, vuli ikiwa imeshashika. Maana yake ni kwamba ua letu hutoka wakati mkavu, lakini tunda huivia kwenye unyevu. Sehemu kubwa ya matatizo ya mwembe kando ya Ziwa inatokana na hilo.

Mti umenawiri, majani tele, maua hakuna

Anza na umri. Mwembe wa mbegu kwa kawaida huanza kuzaa ukiwa na miaka 5 hadi 8, wa kubebesha miaka 3 hadi 4. Mti wa mbegu wenye miaka minne usioonyesha ua hauna ugonjwa wowote, uvumilie.

Kama umri umetimia, angalia maji. Miembe mingi ya uani hupandwa jirani na bafu, au pale maji ya kufulia na kuoshea vyombo yanapomwagwa, kwa nia njema ya kutopoteza maji. Mti wa hapo haujui kiangazi. Mizizi ikilowa mwaka mzima, matawi yanachipua majani mapya bila kupumzika, na tawi lenye majani machanga halichanui. Nyumba zilizo bondeni karibu na ufukwe, ambako maji ya ardhini yako juu, hupata shida hiyo hiyo hata bila bafu. Mwishoni mwa Aprili geuza mkondo wa maji hayo uelekee kwenye migomba. Katikati ya Mei acha kabisa kumwagilia, mpaka mashada ya maua yafikie urefu wa kidole. Mwembe wenye miaka minne na kuendelea hautakufa kwa kiu ya miezi miwili. Mche wa mwaka wa kwanza au wa pili usiufanyie hivyo.

Halafu mbolea. Kanda ya Ziwa samadi ya ng'ombe inapatikana kirahisi, na mashudu ya pamba pia, na vyote vina naitrojeni. Ukimwaga madebe matatu ya samadi mwezi Machi, masika yakiyayeyusha, mti unajibu kwa majani hadi Juni. Wakati wake ni mara tu baada ya kuvuna: samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa mti mdogo, madebe mawili hadi matatu kwa mti mkubwa. Itandaze chini ya ukingo wa kivuli, mbali na shina. Baada ya hapo usiongeze naitrojeni mpaka matunda yashike.

Kupogoa nako kuna msimu wake. Chipukizi huhitaji miezi minne hadi sita kukomaa kabla ya kutoa ua. Anayekata matawi Mei ili nyumba ipate hewa ameshakata mavuno ya mwaka huo. Pogoa ndani ya wiki tatu baada ya tunda la mwisho kutoka: ondoa matawi makavu, yanayopishana na yanayoelekea ndani, na punguza kimo kibaki mita 3 hadi 4 ili ufike juu kwa ngazi ya kawaida.

Jinsi ya kujua tawi limekomaa: chukua jani la karibu na ncha ulifinyange kiganjani. Lililokomaa ni la kijani kizito, gumu, na huvunjika kwa mlio. Jani changa hukunjika tu na kubaki zima. Mti ukiwa na majani ya kuvunjika na bado umelala mwishoni mwa Juni, waweza kuuamsha kwa potasiamu naitreti, gramu 20 kwa lita moja ya maji, ukinyunyizia majani na ncha asubuhi mapema. Matumba huanza kuvimba baada ya wiki mbili hivi. Ukipulizia kwenye majani machanga utapata majani zaidi, na hela yako imekwenda bure.

Kupigilia misumari kwenye shina au kulikatakata kwa panga ni desturi inayopaswa kuachwa. Mti unaweza kweli kuchanua kwa sababu ya jeraha, lakini jeraha hilo ni mlango wa kuvu wanaokausha matawi, na mti wa miaka ishirini unaweza kuharibika kwa ajili ya msimu mmoja.

Maua yalitoka, kisha yakakauka

Vunja shada moja ulitazame kwenye mwanga. Kama vikonyo na maua vimefunikwa na unga mweupe unaofutika kwa kidole, huo ni ubwiriunga. Hauhitaji mvua, unapenda usiku wenye ubaridi na hewa yenye unyevu, hali ambayo Juni na Julai tunayo tele huku karibu na maji. Maua hugeuka kahawia na kupukutika, kikabaki kijiti kitupu. Salfa ya kuyeyuka kwenye maji ndiyo dawa ya kuanza nayo: gramu 40 hadi 50 kwenye bomba la lita 20, au kama lebo inavyosema. Pulizia shada likiwa limechomoza lakini maua hayajafunguka, rudia baada ya siku 10 hadi 14, na mara ya tatu vitunda vikishaonekana. Usipulizie salfa saa sita mchana jua likiwaka, huunguza maua.

Kama unaona vidoa vyeusi kwenye kikonyo, vinapanuka na kuungana mpaka shada zima linakuwa jeusi, hiyo ni chule. Hii yenyewe inahitaji maji: manyunyu yasiyotarajiwa ya Julai, au ukungu wa asubuhi. Kuvu wake huishi kwenye vijiti vikavu juu ya mti ule ule, ndiyo maana kupogoa vikavu ni nusu ya tiba. Nusu nyingine ni dawa ya kopa (yenye shaba), gramu 50 kwa lita 20, kabla maua hayajafunguka na tena vitunda vikishashika. Oktoba, wingu la kwanza la vuli likijikusanya, rudia, kwa sababu chule ndiyo ileile inayotia madoa meusi na michirizi kwenye embe lililoiva.

Dawa ya wadudu usiipulizie maua yakiwa wazi. Mwembe huchavushwa na nzi wa kawaida na nyuki. Ukiwaua, hakuna tunda. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi na kujaa kwenye kuta za nyumba hawali maua wala majani. Waache.

Kuna kukauka kwingine ambako si ugonjwa. Shada moja lina mamia ya maua, wakati mwingine maelfu, na mengi ni madume yasiyoweza kushika tunda. Yanayofikia kuwa embe la kuvuna ni chini ya moja kwa kila mia. Shada likikuachia embe moja au mawili, limetimiza wajibu.

Vitunda vinadondoka vikiwa kama gololi

Kwanza pukutiko la kawaida: mti hujipunguzia mzigo. Likizidi Septemba, chanzo mara nyingi ni kiu. Ile kiu uliyoitaka Juni sasa ni adui. Vitunda vikifikia ukubwa wa punje ya njegere, ongeza maji taratibu: ndoo tano hadi kumi za lita 20 kwa wiki kwa mti unaozaa, ukimwaga kwenye ukingo wa kivuli, kisha tandaza majani makavu. Gugumaji lililoanikwa likakauka ni matandazo mazuri sana na halikugharimu kitu. Maganda ya mpunga nayo yanafaa, ila yaache nusu mita kutoka kwenye shina. Mchwa huyapenda na hupitia humo hadi kwenye gome.

Ukiona vitunda vidogo visivyokua, ndani havina kokwa la maana, hasa kwenye embe Apple, hivyo havikuchavushwa sawasawa. Havitakuwa vikubwa. Vitoe.

Embe zuri kwa nje, ndani funza

Hapa ndipo familia nyingi hukata tamaa na kukata mti, na inaumiza, kwa sababu mdudu huyu anaweza kudhibitiwa. Ni nzi wa matunda, hasa yule mwenye asili ya Asia, *Bactrocera dorsalis*, aliyetambuliwa Afrika Mashariki mwaka 2003 na akawazidi nguvu nzi wa asili.

Shika embe linaloanza kukomaa ulizungushe polepole juani. Utaona kitobo kidogo mno, na pengine tone la utomvu uliokauka juu yake. Siku chache baadaye ngozi ya hapo hulainika na kubonyea. Jike ametaga chini ya ngozi. Mayai huanguliwa ndani ya siku mbili tatu, funza hula kwa wiki moja au zaidi kidogo, kisha embe huanguka, funza hutoka na kujizika udongoni sentimita chache tu. Baada ya siku kumi hivi ni nzi mpya. Kwa joto letu kizazi kinakamilika kwa takriban mwezi, kwa hiyo nzi wa Novemba wanazaa wale wa Desemba, na embe la mwisho mtini ndilo linalopata pigo kubwa. Kupulizia sumu juu ya matunda baada ya kuona funza hakumfikii aliye ndani, na unakula sumu wewe.

Kinachofanya kazi ni usafi wa chini ya mti. Okota matunda yote yaliyoanguka kila siku, au walau mara mbili kwa wiki bila kukosa. Usiyatupe kwenye shimo la takataka lililo wazi wala kwenye mboji. Yafungie kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko wa kubana, au yafunike kwa nailoni nzito nyeusi iliyozikwa kingo zake, juani, kwa wiki mbili. Mifuko ya kubebea ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo usiitegemee. Ukichimbia, hakikisha kuna sentimita 60 za udongo juu ya matunda. Pungufu ya hapo nzi wanatoka. Kuku wa kienyeji wakiachwa wachakure chini ya mwembe hula funza wengi waliojizika.

Mtego wa harufu unaotumia methili eujenoli huvuta madume peke yake. Unafaa kukuonyesha nzi wameanza lini na kupunguza idadi, lakini hautoshi. Toboa chupa ya maji ya lita moja na nusu matundu manne ya upana wa penseli kwenye nusu ya juu, ning'iniza ndani pamba yenye dawa, na uitundike kivulini kimo cha mita moja na nusu hadi mbili kuanzia Septemba. Paka grisi kwenye waya ili sisimizi wasile nzi waliokufa ukadhani mtego ni mtupu. Kwa majike kuna chambo cha protini kilichochanganywa na dawa: unapulizia sehemu moja tu ya majani, kama meza ndogo kwa upana, mara moja kwa wiki, bila kugusa matunda.

Na kwa mwenye mti mmoja au miwili, hakuna kinachoshinda kufunika tunda. Embe likifikia ukubwa wa yai la kuku, livishe mfuko wa karatasi ya kaki au gazeti la kurasa mbili lililopigwa pini, kikonyo kikibanwa. Ukifunika embe 60 Jumamosi moja, utakula 60 safi, au pungufu kidogo.

Mpera ulio jirani huwalisha nzi hao embe zikiwa zimekwisha. Mapera yaliyodondoka yaokote kwa bidii ileile.

Hakuna funza, lakini ndani kuna kasoro

Nyama ya karibu na kokwa imekuwa majimaji na inanuka kama imechacha: embe limekaa mtini kupita muda. Aina ya Tommy Atkins inajulikana kwa hilo, na udongo wa kichanga usio na kalsiamu ukipewa naitrojeni nyingi huzidisha. Vuna mapema zaidi: mabega ya embe yakishajaa na kupanda juu ya kikonyo, kata ukiacha sentimita moja au mbili za kikonyo ili utomvu usiunguze ngozi, uivishie ndani. Majivu ya kuni, kilo moja hadi mbili kwa mti kwa mwaka, husaidia udongo wa kichanga.

Kokwa limetobolewa na lina mdudu mweusi mgumu: huyo ni fukusi wa kokwa. Nyama inalika. Alitagwa tunda likiwa changa na hakuacha alama. Kusanya makokwa yote ya msimu na kuyateketeza. Yanayotupwa uani ndiyo yanayomtunza hadi mwaka ujao.

Majani yamekuwa meusi kana kwamba yamepakwa masizi

Masizi hayo hayali mti. Yanaota juu ya utamu unaodondoshwa na wadudu walioko juu yake. Geuza jani la tawi la juu yake. Utakuta vidung'ata vyeupe kama pamba, au vidugamba, na sisimizi weusi wadogo wakivilinda. Ondoa matawi yaliyozidiwa, osha upande wa chini wa majani jioni kwa sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita, rudia kila wiki mara tatu. Shina lizungushie kitambaa au nailoni na upake grisi juu yake (si juu ya gome), sisimizi wasipande. Majimoto, wale wekundu wanaoshona viota vya majani, wafikirie kwanza. Wanauma, ni kweli, lakini huwinda wadudu na kuwafukuza nzi wa matunda.

Ncha za matawi zinakauka, au majani yanaungua kingo

Tawi likikauka kutoka ncha kuja chini na gome kutoa gundi, chana kijiti uone: ndani kuna rangi ya kahawia. Kata sentimita 15 chini ya mwisho wa rangi hiyo, futa kisu kwa spiriti kila mkato, paka kopa iliyokorogwa nzito. Lakini uliza kwanza mizizi imesimama wapi. Kwenye vilima vya mawe, Isamilo, Mabatini au Igogo, mche unaweza kuwa umepandwa kwenye mfuko wa udongo wa nusu mita juu ya mwamba. Unakua vizuri miaka mitatu, kisha mizizi inagota. Kabla ya kupanda, gonga kwa mtaimbo sehemu tano. Usipopata mita moja ya udongo, hama. Kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi, tatizo ni maji kutuama. Jaza shimo maji. Kama kesho yake saa ileile bado yapo, panda juu ya tuta la sentimita 50 hadi 60 lenye upana wa mita mbili. Luseni, kichanga cha Usukumani, mwembe unakipenda, ila kinahitaji samadi na matandazo zaidi.

Majani kuungua kingo mara nyingi ni chumvi. Maji ya Ziwa si ya chumvi, kwa hiyo tafuta kwingine: kisima kirefu, samadi mbichi, au maji ya sabuni ya kila siku.

Ulinunua Kent, ukavuna embe la nyuzi

Sehemu ya juu iliyobebeshwa ilikufa na shina la chini likachukua nafasi. Tafuta kovu la kiungio, sentimita 20 hadi 25 kutoka ardhini. Kila chipukizi linalotoka chini yake liondolewe kwa kidole likiwa laini. Na nailoni iliyofunga kiungio ikatwe mara kinapoungana. Ikisahaulika hukaba shina, ambalo huvunjika kwa upepo wa ziwani likiwa na matunda.

Kama unapanda upya, chagua kwa hali ya hewa yetu

Tommy Atkins ina nyuzi kidogo na ladha ya kawaida, lakini inastahimili chule kuliko nyingi na huwahi kukomaa. Kwa asiyetaka kupulizia dawa mara kwa mara ndiyo salama. Kent ni tamu, haina nyuzi, ila chule huipenda, kwa hiyo inamtaka mtu wa kopa. Keitt huchelewa kuliko zote hizo, na hubaki kijani hata ikikomaa. Uani kwako itakuta nzi wameshazaliana, hivyo usiipande kama hutafunika matunda. Apple na Ngowe ni nzuri mno mezani, lakini ubwiriunga huzisumbua: ukizitaka, salfa ya Juni ni lazima. Dodo na Bolibo hukua miti mikubwa na zina mazoea ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika unaofuata. Sindano na embe nyingine za kienyeji ni ngumu, hazilalamiki, na ndizo shina la chini zuri.

Kwenye eneo la nyumba ya kawaida miche miwili inatosha, mmoja Tommy na mwingine ule unaoupenda kweli kula, umbali wa mita 6 ukikusudia kupogoa. Nunua mche ambao kiungio kimepona na mizizi haijajizungusha chini ya kiriba (mfuko wa mche). Shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza, upandwe vuli ikianza, kiungio kibaki juu ya ardhi. Ukichanua mwaka wa kwanza au wa pili, kata mashada yote ya maua, hata kama inauma.